Migomba Isiyo na Nyayo

Eucabeth, mama yake Duke, hakuja kulia. Alikuja na chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwa jani la mgomba, akavitua juu ya meza ya Sajini Masese, juu ya mchoro aliokuwa akiumalizia, kana kwamba meza ile ni yake.

"Hivi ni vya mtoto wangu, Afande," akasema. "Na sasa sikiliza lako. Ile migomba unayosema Duke alipitia imepakana na shamba langu. Tangu mvua ya Jumatano hakuna mtu amekanyaga pale ila wewe na mzee Zachariah. Si ulipiga picha? Ziangalie."

Masese alimwambia ataziangalia.

"Na Ijumaa nilikuwa pale steji ya boda boda. Ulimvuta kwa mshipi wa suruali kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Watu wakacheka. Hata wewe ulicheka."

Hilo lilikuwa kweli. Eucabeth alimkazia macho mpaka Masese akayashusha yake kwenye chupa ya chai. Kisha mama akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, mahali ambapo kila aingiaye kituoni lazima ampite. Alikuwa tayari kukaa hapo hadi kesho. Kesho ilikuwa Jumatatu, na Duke angesimamishwa kortini kusomewa shtaka la kujaribu kuua. Kama mwanamke aliyelazwa hospitalini Kisii hangefumbua macho, shtaka lingekuwa zito kuliko hilo.

Mwanamke huyo aliitwa Roselyne. Alhamisi alasiri, katika manyunyu, mtu alimpiga kichwani kwa mpini wa jembe akiwa sebuleni mwake, katika boma la wakwe zake juu ya kilima kilicho nyuma ya soko la Ikonge. Mumewe, Jethro, alikuwa kazini Mombasa. Shahidi alikuwa mmoja tu: baba mkwe wake, Zachariah Nyangate, mzee wa kanisa la Sabato, mtu ambaye kilima kizima hakikuwahi kumsikia akidanganya hata kwa mzaha. Mzee alieleza kwamba alikuwa amesimama mlangoni pa ghala lake aliposikia ukelele. Akaona mtu mwenye koti la mvua la buluu nyuma ya nyumba ya Jethro, akiinama, kisha akipotelea migombani. Uso hakuuona. Mpini aliuona, na ulikuwa katika mkono wa kushoto.

Makoti ya buluu Ikonge ni mengi kama kunguru. Kila mwendesha boda boda analo. Watu wa mkono wa kushoto si wengi hivyo. Jasper, kitindamimba wa mzee, ndiye aliyembeba shemeji yake hadi barabarani, na ndiye aliyesema mbele ya umati, kabla damu haijakauka shatini mwake, kwamba Duke wa Eucabeth hutumia kushoto. Tena Duke alikuwa amerushiana maneno na Roselyne kwa sababu ya ndama aliyeingia kwenye maharagwe. Masese akaona kesi imejipika yenyewe. Akaenda steji.

Sasa, akiwa peke yake, aliiondoa chupa juu ya mchoro na kufungua picha kwenye simu. Udongo wa huku ukinyeshewa haufichi siri ya mtu. Kati ya migomba kulikuwa na nyayo za aina mbili: buti zake mwenyewe na gambuti za mzee, zikienda pamoja na kurudi pamoja, siku mzee alipompeleka kumwonyesha mahali. Za mtu wa tatu hazikuwapo. Alizipitia picha zote upya, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko aliokwisha kuupekua.

Akarudia maneno ya mzee katika taarifa: "Aliinama kama mtu anayepita chini ya kamba." Kwenye picha, majani ya migomba yalikuwa juu sana. Hata mtu mrefu angepita wima na kofia yake. Aliinama chini ya nini?

Na kulikuwa na jambo jingine, baya kuliko hayo. Taarifa ilisema shahidi alisimama ghalani. Masese hakuwahi kusimama ghalani. Katika kesi nyingine yoyote hilo lingekuwa jambo lake la kwanza: simama aliposimama shahidi, tazama alikotazama. Lakini Masese alizaliwa ng'ambo ya mto tu, akatahiriwa msimu mmoja na Jethro, wakauguza vidonda vyao katika nyumba moja. Kwa hiyo Zachariah ni baba yake, ni tata, kwa sheria zote za Wagusii. Na mtoto hasimami katika nyayo za baba yake mbele ya watu ili aone kama baba amesema kweli. Masese aliona haya. Akaandika alichoambiwa, na kijana wa watu akalala seli.

Alikunja mchoro, akamwambia askari wa zamu kwamba anarudi kilimani. Kulipita lile benchi la nje kulimchosha kuliko kukipanda kilima chenyewe.

*

Nyumba ya Jethro ilikuwa mpya, ya matofali na mabati mekundu, imejengwa mshazari kufuata mteremko. Nyuma yake, kaskazini-magharibi, kulikuwa na migomba, halafu ua wa Eucabeth. Mbele yake, kusini-mashariki, kulikuwa na uwanja, halafu michai inayoshuka mistari kwa mistari. Nyumba ya mzee na ghala lake vilikuwa chini kidogo, pembeni mwa uwanja huo.

Jasper ndiye aliyempokea, amebeba panga la kukatia majani ya ng'ombe.

"Sajini, umenusa kuku wa mama?" akasema. "Ama mmeshamnyonga yule wa kushoto, umekuja kutuambia?"

Masese alijibu kwamba serikali hainyongi watu Jumapili. Jasper akacheka, akamletea kiti, akasema wenye kazi waende kazini, akashuka zake na panga. Mama yake, Persis, alikuwa barazani akichambua maharagwe. Yeye hakucheka. Alisema mzee yuko kwenye michai tangu asubuhi, anang'oa magugu yasiyokuwapo, na kwamba tangu Alhamisi chakula hukitazama tu na kukirudisha.

Masese alikiacha kiti. Akaenda kusimama mlangoni pa ghala.

Kutoka pale aliuona ukuta wa mbele wa nyumba ya Jethro, wote, na madirisha yake. Aliona paa. Juu ya paa aliona ncha chache za majani ya migomba zikitikisika. Migomba yenyewe, mashina, ardhi, mahali ambapo mtu angeweza kuinama au kupotea, havikuonekana kabisa. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akapanda juu ya jiwe. Nyumba ilikuwa katikati kama ng'ombe aliyelala njiani.

Basi mzee alikuwa amedanganya.

Mtu hadanganyi mahali aliposimama bila sababu, na sababu ya kwanza inayomjia askari ni ile mbaya. Mpini wa jembe ulitoka katika ghala lile. Gambuti zilizokanyaga migombani zilikuwa za mzee. Masese alitoa kalamu ya risasi na kuandika jina la Zachariah kwenye ukingo wa mchoro. Akalitazama. Akaona aibu kuliacha, akaona aibu kulifuta.

Aliliacha, akaigeukia kamba.

Katika boma lote kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja, nayo haikuwa upande wa migomba. Ilikuwa mbele, uwanjani, imefungwa kutoka mparachichi mchanga hadi kwenye nguzo, chini kiasi cha kumkata mtu shingoni. Hakuwa ameitia katika mchoro wake, kwa sababu kesi yake ilikuwa upande wa pili.

Michoro ya Masese ilikuwa ya karatasi ya miraba. Hakumaliza shule, lakini grafu aliipenda, na alipokuwa askari aligundua kwamba hakimu huamini namba kuliko maneno. Sifuri yake aliiweka kwenye kona ya nyumba ya Jethro, penye tangi la maji. Kutoka hapo mhimili mmoja ulikwenda mashariki na mwingine kaskazini, na kila kitu kikapewa namba mbili, ya mashariki kwanza, ya kaskazini baadaye. Mahali mzee alipomwonyesha kwamba mtu aliinama palikuwa (1, 7). Mahali mtu huyo alipopotelea palikuwa (2, 10). Mzee alikuwa ameyaonyesha bila kusita. Amepanga mistari ya michai kwa jicho maisha yake yote, na jicho hilo bado lilijua umbali.

Masese akaipima kamba, pale ilipolegea zaidi. Saba mashariki. Moja kaskazini.

Saba, moja. Moja, saba. Alikuwa amepindua namba. Kosa la mtoto wa darasani, na kesho lingesomwa mbele ya hakimu kwa jina lake. Alizunguka nyumba haraka, akaingia migombani kutafuta kijiti alichokichomeka Ijumaa. Kijiti kilikuwapo. Akapima upya, polepole. Moja mashariki, saba kaskazini. Hakukosea. Mahali pa mzee palikuwa pale pale mzee alipoonyesha, na kamba ilikuwa pale ilipo. Ni namba tu zilizobadilishana viti.

Alirudi uwanjani, akachuchumaa, akaweka karatasi kwenye goti.

Namba hazibadilishani viti bure. Alilikumbuka somo hilo, na fimbo zilizokwenda nalo. Nukta na taswira yake huwa umbali mmoja kutoka kwenye mstari, moja huku na nyingine kule, na njia ya kuziunganisha huukata mstari huo katikati kwa pembe mraba. Ukiwa na mstari unaitafuta taswira. Ukiwa na nukta na taswira, unautafuta mstari.

Aliunganisha (1, 7) na (7, 1). Katikati, nusu ya moja na saba ni nne, na nusu ya saba na moja ni nne: (4, 4). Njia ya kuunganisha ilishuka mraba mmoja kila ilipokwenda mraba mmoja. Basi mstari unaoikata kwa pembe mraba lazima upande mmoja kila unapokwenda mmoja. Akaweka rula kwenye (4, 4) na kuuchora. Ulipita kwenye sifuri, penye tangi, ukapanda mshazari kati ya mashariki na kaskazini.

Kalamu yake haikuacha alama mpya. Ilikuwa inapita juu ya mstari uliokuwapo tangu Ijumaa. Ulikuwa ukuta wa mbele wa nyumba ya Jethro.

Aliinua kichwa. Persis alikuwa amepanda uwanjani kuanua nguo. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea, na kabla ya kuigusa kamba alisimama mbele ya dirisha la sebule, akajitazama, akakifunga upya, akaangalia kushoto na kulia kama yuko saluni. Vioo vya Jethro vilikuwa vile vyeusi vya kisasa ambavyo mchana aliye nje haoni ndani. Anajiona yeye na kila kilicho nyuma yake. Kilima kizima kilivijua vioo vile. Wasichana walichana nywele hapo wakitoka kuteka maji. Masese mwenyewe, Ijumaa, alirekebisha kofia yake hapo kabla ya kwenda kumkamata Duke.

Alisogea hadi karibu na dirisha, kalamu katika mkono wa kulia. Mtu wa kiooni alikuwa na kalamu katika mkono wa kushoto.

Masese akakaa chini. Alikaa pale kwenye nyasi mbichi mpaka Persis akamuuliza kama anaumwa.

Alipoinuka, alibaki na kazi moja. Kama mstari ulikuwa kweli kioo, basi hata mahali pa pili pa mzee, (2, 10), palikuwa na taswira yake, na Masese aliweza kuipata bila kuuliza mtu. Pindua: (10, 2). Alitembea kutoka kwenye tangi akihesabu hatua mbili kwa kila mraba, kumi mashariki, miwili kaskazini, akafika mwisho wa uwanja, ambapo ua wa michongoma hukutana na michai. Matawi mawili yalikuwa yamevunjwa, majani yake yamenyauka. Chini ya pengo kulikuwa na nyayo za gambuti zilizozama sana kwenye vidole, nyayo za mtu anayekimbia kushuka, na ndani yake maji ya mvua ya Alhamisi yalikuwa yameacha utando wa tope jembamba. Hakuna mtu aliyekuwa amezikanyaga. Hakuna mtu aliyekuwa ametumwa kuzitafuta.

Alizipiga picha akiwa amepiga magoti. Kisha akalifuta jina la Zachariah kwenye ukingo wa karatasi, akalifuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

*

Mzee alikuja mwenyewe kutoka shambani, akanawa mikono, akamkaribisha Masese katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Wakaketi. Persis akaleta chai na kutoka. Masese akaanza kwa Kigusii. Aliuliza habari za mvua, habari za Jethro, ambaye alikuwa amefika Kisii na kukesha kando ya kitanda. Kisha maneno yakamwishia.

Kwa maana alichotakiwa kuuliza hakiulizwi. Wagusii wana neno chinsoni, nalo ni heshima na aibu vilivyofungwa pamoja. Ndiyo inayomweka baba mbali na mambo ya ndani ya mwanawe aliyeoa. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Hamtazami mkaza mwana usoni kwa kukaza. Nyumba ikijengwa, yeye hukaa mbali na mlango wake hata akiwa ndiye aliyetoa mawe ya msingi. Ndiyo maana kilima kizima kilijua vioo vya Jethro isipokuwa mtu mmoja. Na chinsoni hiyohiyo ilikuwa imekaa kati ya Masese na mzee, katika chumba hiki, pamoja na chai. Ni mtoto gani atamuuliza baba yake, kwa lugha waliyozaliwa nayo: ulikuwa ukitazama nini dirishani kwa mke wa mwanao?

Mzee alimwona akihangaika. Aliivua kofia yake na kuiweka gotini.

"Niulize kwa Kiswahili," akasema. "Niulize kama askari wa kutoka mbali."

Masese akashusha pumzi. Akatoa kalamu. Kwa Kiswahili walikuwa watu wawili wa ofisini, na meza ya kahawa kati yao ilikuwa meza ya serikali.

"Alhamisi uliposikia ukelele, ulikuwa wapi?"

"Hapa nyumbani. Nilitoka mbio."

"Ulisimama wapi?"

"Kwa tangi."

"Si ghalani?"

"Ghala nilisema kwa sababu ghala ni yangu." Mzee alikuwa akiiambia kofia. "Nilisikia yeye amelia mara moja tu. Nilifika kwa tangi nikaita. Nikaita kwa sauti ya chini, hivi. Hakujibu."

"Mlango ulikuwaje?"

"Wazi."

Masese hakuandika. "Ukafanya nini?"

"Niliangalia dirisha. Si mbele yake, hapana. Kutoka pembeni, kutoka kwa tangi, hivi, kama mtu anapita. Nilitaka kujua kama ndani kuna mtu. Nikaona kioo kimepenya mpaka nyuma, mpaka kwa migomba. Nikaona mtu huko nyuma, na koti ya buluu, anainama, anaenda. Nikajua ametokea mlango wa nyuma."

"Tata, hicho kioo hakipenyi."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza.

Masese hakuwa na namna ya kumpeleka dirishani, hata kwa Kiswahili. Aliikunjua karatasi ya miraba mezani, akamwonyesha tangi, ukuta, migomba, kamba, michai. Mzee alifuata kwa kidole. Kwake ilikuwa ramani ya shamba, na mashamba aliyajua. Kisha Masese aliikunja karatasi juu ya mstari wa ukuta, akauminya mkunjo kwa ukucha, akachomoa pini iliyoshikilia taarifa na kutoboa pale mzee aliposema mtu alipotelea. Akaifungua. Tundu la pili lilikuwa upande wa pili wa ukuta, mwisho wa uwanja, kwenye pengo la michongoma.

"Kile kioo kinaonyesha kilicho mbele yake," akasema. "Ulichokiona mbali ndani, kilikuwa mbali hivyohivyo nje. Cha kushoto ni cha kulia."

Mzee aliinua karatasi na kuishika kwenye mwanga wa dirisha. Alitazama kupitia tundu moja, kisha jingine.

"Alikuwa mgongoni mwangu," akasema.

"Ndiyo, tata."

"Ningegeuka."

Mzee aliirudisha karatasi mezani.

"Mtoto wa Eucabeth yuko ndani kwa sababu yangu."

"Yuko ndani kwa sababu yangu," Masese akasema. "Sikusimama ghalani. Niliona haya kukupima."

Halafu Masese akauliza swali ambalo jibu lake alilijua tangu alipopiga magoti kwenye tope, kwa sababu sheria inataka shahidi aseme mwenyewe. Njia inayotoka kwenye lile pengo inakwenda wapi?

Mzee aliliweka tundu la karatasi chini ya kidole gumba, akalifunika.

"Inashuka kwa Jasper," akasema. "Haiendi kwingine." Akaongeza: "Alitaka kujenga pale uwanjani. Roselyne akamwambia uwanja ni wa nyumba yake. Mimi nilisema watasikizana wenyewe. Si mambo ya kuingiliwa na mzee."

Masese alimweleza kwa utaratibu kile kitakachofuata. Kwamba nyayo bado si mtu, zitapimwa. Kwamba Jasper ataulizwa kituoni. Kwamba mzee anaweza kupumzika kwanza, taarifa mpya ikaandikwa jioni. Mzee alisimama katikati ya maelezo hayo, akaenda mlangoni na kumwita mwanawe.

Jasper alikuja akijipangusa mikono, akaegemea mwimo wa mlango. Macho yake yalipita juu ya karatasi iliyotobolewa bila kuielewa. Alisema kama ni chai, hata yeye anywe.

Baba yake alimuuliza kwa Kigusii, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza iwapo ng'ombe wamenywa maji.

"Alhamisi, nilipokuwa nikimwita Roselyne, ulikuwa wapi?"

"Zizini, tata. Nimeshasema."

"Hukusikia nikiita?"

"Ningesikiaje? Pale kwa tangi ulikuwa ukinong'ona tu."

Masese aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Mzee alikuwa amemwambia kila mtu, polisi, majirani, mchungaji, mkewe, kwamba alisimama ghalani. Tangi lilikuwa limetajwa mahali pamoja tu duniani, katika chumba hiki, kwa Kiswahili, mlango ukiwa umefungwa na Jasper akiwa zizini. Nje ya chumba hiki aliyelijua ni mtu mmoja, yule aliyepita nyuma ya mgongo wa mzee.

Jasper alimtazama Masese, akautazama mkono wake mwenyewe wa kulia uliokuwa umeshika mwimo, akaushusha.

Masese alisimama. Pingu zilikuwa mfukoni, hakuzitoa. Alimwambia Jasper kwa upole kwamba watatembea tu, watapitia njia ya michai, si sokoni. Kisha akampigia simu askari wa zamu, akamwambia Duke atolewe seli, akae ofisini hadi mkuu wa kituo aweke sahihi, na kwamba mama yake aingizwe ndani kutoka kwenye benchi, apewe kiti. Akasema pia kwamba akifika atamwomba radhi Duke mwenyewe, palepale steji, mchana, wale waliocheka wakiwapo. Hilo la mwisho hakumwambia askari. Alilisema ndani ya chumba.

Aliketi tena kuandika, kwa kuwa kazi ya kuandika haingojei. Alama kwa alama, aliandika kwamba shahidi alisimama penye tangi la maji, kwamba alitazama dirisha kutoka pembeni, kwamba alichokiona kilikuwa taswira ya kiooni. Alimsomea mzee kwa sauti. Mzee aliitikia kila sentensi kwa kichwa, mpaka mwisho, lakini alipopewa kalamu hakuipokea.

"Haujamaliza," akasema, bado kwa Kiswahili.

"Hayo yanatosha korti, tata."

"Nilienda kutafuta mama yao. Alikuwa amepeleka majani chai kituo cha kupimia, mbali. Nilienda mpaka huko, tukarudi na yeye, ndiyo mwanamke aingie. Huo muda wote msichana alikuwa kwa sakafu."

"Korti haitauliza hilo."

Mzee Zachariah Nyangate aliivaa kofia yake, akaivuta hadi karibu na macho.

"Andika," akasema, "kwamba mlango ulikuwa wazi."